Iacheni Comic Sans, chekeni kurasa zenu kwanza

Kuna mzaha mmoja ambao kila anayeanza kutengeneza tovuti hufundishwa kabla hata hajajua vizuri kupanga jedwali: ukitaka kuonekana unajua mambo, icheke Comic Sans. Huhitaji kueleza kwa nini. Litaje jina tu, wenzako watacheka, na wewe umeshaingia chamani. Mimi mzaha huu umenichosha, na leo nitasema sababu kwa urefu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Kama huijui kwa jina, hakika unaijua kwa sura. Ni ile fonti inayofanana na mwandiko wa mwalimu wa chekechea aliyeandika polepole kwa kalamu nene. Herufi zimesimama moja moja bila kushikana, ncha zake ni za mviringo, mistari haikunyooka sawasawa, na ile a yake ni duara lenye kijiti ubavuni, kama tulivyofundishwa kuiandika sisi sote. Iko kwenye kadi za harambee. Iko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa saiba ikikukataza kuingia na chakula. Iko kwenye tangazo la maziwa freshi, kwenye ratiba ya chama cha akina mama, kwenye barua ya shule ya kuwakumbusha wazazi siku ya michezo. Ndiyo hiyo.

Wanaoicheka ukiwauliza ubaya wake uko wapi watakuambia, "Si uangalie tu?" Sasa ndugu yangu, sisi tumesoma sayansi ya kompyuta. Mtu akikuletea hitilafu akisema "si uangalie tu", unamrudishia. Unataka kujua ilitokea wapi, kwenye mashine gani, na kilichotarajiwa kilikuwa nini. Basi tuifanyie Comic Sans haki hiyo hiyo.

Kilichotarajiwa kinajulikana. Mwaka 1994 Vincent Connare alikuwa mhandisi wa tapografia pale Microsoft. Aliletewa programu iliyokuwa bado jikoni, Microsoft Bob, iliyokusudiwa kuwasaidia watu wasioijua kompyuta. Ndani yake kulikuwa na mbwa wa kuchorwa, Rover, ambaye aliongea na mtumiaji kupitia kiputo cha maneno kama vile vya vitabu vya katuni. Na mbwa huyo aliongea kwa Times New Roman! Fonti ya gazeti la London, mdomoni mwa mbwa wa katuni. Connare akaona kuna kitu hakijakaa sawa. Akachukua vitabu vya katuni alivyokuwa navyo ofisini, The Dark Knight Returns na Watchmen, akatazama jinsi maneno ya kwenye viputo yanavyoandikwa kwa mkono, kisha akaanza kuchora herufi zake mwenyewe kwa kipanya, moja kwa moja kwenye skrini.

Hazikuwahi. Herufi zake zilikuwa pana kuliko za Times New Roman na vile viputo vilikuwa vimeshapimwa, kwa hivyo Bob ilitoka mwaka 1995 bila Comic Sans (na ikafa upesi, lakini hiyo si kesi ya leo). Fonti ikaingia kwenye 3D Movie Maker, programu ya watoto ya kutengenezea filamu, halafu kwenye kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, halafu kwenye Windows yenyewe.

Hebu tazama alichofanya mtu huyu. Alimtazama mtumiaji, akaitazama kazi, akaona chombo kilichopo hakifai, akatengeneza kinachofaa. Kozi nzima za usanifu wa programu hufundisha jambo hilo hilo kwa ada kubwa, na wengi wetu tukishahitimu hatulifanyi.

Na alikichora kwa skrini za wakati wake. Hapa ndipo wachekaji wengi hawajui wanachokicheka. Skrini ya katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na nukta chache na kubwa, na kwenye kompyuta nyingi kila nukta ya herufi ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, bila kijivu cha kulainisha kingo. Fonti ya kitabuni, yenye mistari minene hapa na myembamba pale na vile vimkia vya mwishoni, ikishushwa hadi ukubwa wa kusomeka kwenye skrini hiyo huvunjika vipande. Mstari mwembamba unapotea, mkia unakuwa doa. Comic Sans ina unene karibu ule ule kila mahali, haina mikia, tumbo la herufi ni pana. Kwenye nukta chache ilisimama. Ukiichapa leo kwa ukubwa wa bango la barabarani, kweli, utaona mapengo yasiyolingana kati ya herufi, na aya yake ndefu ina mabaka, huku pamejaa, kule pako wazi. Lakini hiyo ni sawa na kulaumu gamba la boda boda kwa kutobeba kontena.

Haya, ilifikaje mlangoni mwa saiba? Si kwamba Wakenya, Wamarekani na Wajapani waliamka siku moja wote wakakosa ladha. Mwaka 1996 Microsoft ilianza kugawa bure kifurushi cha fonti za wavuti: Arial, Times New Roman, Courier New, Georgia, Verdana, Trebuchet (nayo ni kazi ya Connare), Impact na wenzake wachache, pamoja na Comic Sans. Hizo ndizo mtengeneza tovuti aliweza kuzitegemea kwamba mgeni wake anazo. Pitia orodha hiyo kisha niambie: mtu anayetaka maneno yake yaonekane yametoka kwa binadamu wala si kwa ofisi, atachagua ipi? Moja tu. Hata neno "cursive" la kwenye CSS, ambalo ni ombi la fonti yoyote ya mwandiko, kwenye Windows lilikuwa likikuletea Comic Sans. Mama aliyetaka kadi ya kuzaliwa ya mwanawe iwe na uchangamfu hakukosea. Alipewa mlango mmoja akaingia kwa mlango huo, na sisi tumesimama nje tukimcheka kwamba hakuingia kwa dirisha.

Kampeni yenyewe ya kuipiga marufuku, ile iliyojulikana kama Ban Comic Sans, ina asili inayonifurahisha sana. Ilianzishwa na wabunifu wawili wa Indianapolis, Dave na Holly Combs, baada ya mwajiri kuwalazimisha mwishoni mwa miaka ya 1990 waitumie kwenye kazi moja. Kazi gani? Maonyesho ya jumba la makumbusho la watoto. La watoto! Yaani kati ya mahali pote duniani pa kuikataa fonti ya katuni, vita vilianzia mahali pekee ambapo ilikuwa nyumbani. Wenyewe walikuwa wakifanya utani kwa kiasi kikubwa, na walisema hivyo. Waliowafuata ndio walioshika utani wakaufanya dini.

Dini hiyo ilionyesha rangi zake tarehe 4 Julai 2012. Pale CERN, karibu na Geneva, Fabiola Gianotti alisimama kwa niaba ya jaribio la ATLAS kueleza kwamba wameona chembe mpya inayolingana na ile ambayo Peter Higgs na wenzake walikuwa wameitabiri tangu 1964. Karibu nusu karne ya kutafuta, mashine yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi, maelfu ya watafiti. Slaidi zake zilikuwa za Comic Sans. Basi Twitter ikajaa watu wasioweza kueleza chembe hiyo kwa sentensi moja, wakimcheka mwanamke aliyesaidia kuipata, kwa sababu ya umbo la herufi. CERN wenyewe walilichukua kwa ucheshi. Aprili mosi 2014 wakatangaza kwamba tovuti yao yote inahamia Comic Sans. Gianotti naye mwaka 2016 akawa mkurugenzi mkuu wa CERN, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Sijui waliocheka wamekuwa nini.

Utasema hayo ni mambo ya watu wazima, watachekana na kusahau. Ngoja nikupe yangu basi.

Kuna shule moja ya msingi iliyonipa kazi ya kutengeneza mfumo mdogo. Pamoja na ripoti za wanafunzi na ada, kulikuwa na sehemu moja niliyoipenda kuliko zote: mwalimu wa watoto wadogo anaandika maneno ya wiki, mfumo unampangia karatasi za kusomea, anabonyeza, printa inatoa. Kabla ya hapo walimu walikuwa wakizipanga wenyewe kwenye Word, kwa Comic Sans, miaka nenda miaka rudi. Nami nikaiweka Comic Sans. Sikuona sababu ya kubadilisha kitu ambacho watoto wanakisoma.

Kisha shule ikaajiri kampuni ya usanifu iipe sura mpya. Nembo, rangi, basi la shule, kila kitu. Kukatoka kitabu kinachoagiza kwamba maandishi yote ya shule, yote, yawe kwa fonti moja nyembamba ya kisasa, rangi ya kijivu. Nikauliza, na karatasi za watoto? Nazo. Nikaeleza. Jamaa wa kampuni akatabasamu akaniambia shule ya hadhi hii haiwezi kuonekana na Comic Sans, itachekwa. Mwalimu mkuu akakubali, maana nani anataka shule yake ichekwe?

Karatasi mpya zikatoka. Sasa, fonti ile ilikuwa na a ya kitabuni, ile yenye kofia juu na tumbo chini. Mtoto wa PP2 amefundishwa kwamba a ni duara na kijiti. Mwalimu ameiandika ubaoni hivyo, naye ameifuatisha kwa penseli hivyo, kurasa kwa kurasa. Leo anapewa karatasi yenye mdudu mwenye kofia. Na hii ni lugha yetu jamani, si Kiingereza. Baba, mama, dada, kaka, kata, paka, nyanya: toa a uone kinachobaki! Kwa Kiswahili herufi usiyoitambua ikiwa ni a, basi hakuna neno unaloweza kusoma.

Nilipopita baadaye kurekebisha printa nilimkuta mwalimu wa PP2 na rundo la karatasi mbele yake na kalamu nyeusi ya wino mzito mkononi. Alikuwa akipita juu ya kila a, moja baada ya nyingine, akizibadilisha ziwe za duara. Karatasi moja ilikuwa na a zaidi ya sitini. Darasa lina watoto arobaini na kitu. Nilimwonyesha kwamba fonti ni mpangilio mmoja tu kwenye mfumo, neno moja, naweza kulibadilisha kabla chai haijapoa, lakini ruhusa haikutoka. Wiki mbili baadaye aliachana na mfumo wangu akarudi kwenye Word yake ya zamani na Comic Sans yake. Sehemu ile ya karatasi za kusomea, ambayo shule iliilipia, ikakaa bure.

Hicho ndicho kinachoniuma. Mzaha wa mtandaoni wa watu walioshiba ulitoka huko ulikotoka ukashuka hadi kwenye darasa la watoto wa miaka mitano, ukanyang'anya herufi waliyokuwa wanaijua. Na hakuna aliyeuliza kama wanasoma. Swali lilikuwa kama tutachekwa.

Tena laiti jamaa yule angekuwa ameichukia Comic Sans kwa sababu za kiufundi, dawa ilikuwepo, bure, na ina jina la Kiswahili! Shirika la SIL lilitengeneza fonti mahususi kwa wanaoanza kusoma na kuandika, wakaiita Andika. Ndiyo, andika, kitenzi chetu. Ina a ya duara, ina g ya mkia mmoja, herufi zinazofanana zimetenganishwa kwa makusudi, na leseni yake ni huru. Si ya katuni, haichekeshi mtu, ukiiweka kwenye barua ya mwalimu mkuu itasimama. Lakini kuijua kunahitaji kutafuta, na kutafuta kunahitaji kwanza uwe umeuliza msomaji wako ni nani. Mzaha haukupeleki huko. Mzaha unakwambia usitumie nini, halafu unakuacha.

Na si watoto tu. Andika kwa Arial neno lenye I kubwa na l ndogo, kisha mpe mtu akusomee. Ni vijiti viwili. Hutajua kipi ni kipi ila kwa kubahatisha kutokana na neno. Kwenye Comic Sans I kubwa ina vibao juu na chini, l ni kijiti kitupu, hazigongani. Sasa fikiria nywila uliyotumiwa, au namba ya kumbukumbu ya malipo ambamo herufi na tarakimu zimechanganywa, mahali ambapo hakuna neno la kukusaidia kubahatisha. Nimeona mifumo, iliyotengenezwa na watu wenye shahada kama yangu, inayomwonyesha mteja namba za namna hiyo kwa fonti ya vijiti, kisha inamkemea akikosea kuinakili. Na mtengenezaji wa mfumo huo ukimwonyesha Comic Sans anacheka.

Chama cha Disleksia cha Uingereza, kwenye mwongozo wake wa maandishi, kinaitaja Comic Sans pamoja na Arial kati ya fonti zinazofaa kwa wenye disleksia, yaani wale ambao herufi huwapa shida kuzisoma bila kuwa na upungufu wowote wa akili. Sitaki kuliongezea jambo hilo chumvi. Kuna watu hudai Comic Sans ni tiba, na hiyo si kweli. Wengine wanayo fonti nyingine inayowakaa vizuri zaidi. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la Cognition uliitumia Comic Sans, ikiwa imefifishwa rangi, kama mfano wa maandishi magumu kusoma, ukadai kwamba ugumu huo unasaidia kukumbuka, na majaribio ya wengine baadaye hayakuona faida hiyo. Kwa hivyo fonti moja imesifiwa kwa wepesi na imesifiwa kwa ugumu. Ninachokitaka hapo ni kidogo tu: mtu akikuambia maandishi haya yananisomekea, usimjibu kwa kicheko.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu nimesema mcheke kurasa zenu kwanza.

Fungua tovuti yoyote mpya ya vijana wa Nairobi wanaotengeneza programu, ya kampuni changa yenye kahawa nzuri. Maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya weupe. Membamba kama uzi. Madogo. Kwenye skrini ya kompyuta ya bei ya ng'ombe watatu, ndani ya ofisi yenye kivuli, yanapendeza kweli. Msomaji wake yuko stendi ya matatu saa saba mchana, simu yake ni ya bei nafuu, mwangaza wa skrini ameupunguza ili betri ifike jioni, na jua linapiga kioo. Haoni kitu. Anaona karatasi nyeupe yenye vumbi.

Na hili lina kipimo, si suala la "si uangalie tu". Mwongozo wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya weupe, ambacho nakiona kila mahali, kinatoa 2.85. Kimeanguka mtihani vibaya. Hata #777777 inaanguka kwa unywele, 4.48, na #767676 ndiyo inayopita. Hata Apple ilipitia hapo: matoleo ya mwanzo ya majaribio ya iOS 7, mwaka 2013, yalikuja na Helvetica Neue nyembamba mno, watu wakalalamika, ikanenepeshwa kabla ya kutolewa. Comic Sans nyeusi, nene, ya pikseli 16, mbele ya macho ya mtu aliye juani, inaishinda fonti yako ya kisasa ya kijivu bila kutoka jasho. Ile inayochekwa inasomeka. Hii inayosifiwa haisomeki. Nani achekwe?

Na unafiki wenyewe! Mwaka 2023 GitHub ilitoa familia ya fonti za kuandikia msimbo iitwayo Monaspace. Mojawapo, Radon, ni ya mwandiko wa mkono. Watu wale wale wakaipokea kwa mikono miwili, wengine wakaiweka kwenye maelezo yaliyomo ndani ya msimbo ili yaonekane kama mtu ameandika pembeni kwa kalamu. Wazo zuri kabisa, hata mimi nimelijaribu. Kuna pia Comic Mono, ambayo ni Comic Sans kwa roho, na Fantasque Sans Mono, ambayo mwanzoni jina lake lilikuwa linaitania Comic Sans waziwazi. Nimekaa na programa anayetumia mojawapo ya hizo siku nzima kwa sababu, anasema, macho hayachoki. Kumbe!

Msinielewe vibaya lakini. Sisemi muiweke kila mahali. Umbo la mwandiko lina sauti, na sauti ya Comic Sans ni ya mtu anayetabasamu. Ndiyo maana kwenye kipeperushi cha mazishi inanikwaza: jina la marehemu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, vyote vinatabasamu. Mwaka 2010 LeBron James alipoihama Cleveland Cavaliers, mmiliki wa timu, Dan Gilbert, aliwaandikia mashabiki barua ya hasira kali, ikatoka kwa Comic Sans, na hasira yote ikageuka kichekesho. Hapo waliocheka walikuwa na haki. Onyo la umeme, kipimo cha dawa kwenye chupa, notisi ya kuhama nyumba: mambo ambayo mtu lazima ayachukue kwa uzito usimwandikie kwa sauti ya mbwa wa katuni. Wala usiandike kwa herufi kubwa tupu sentensi nzima, wala kurasa kumi za ripoti. Ni fonti ya kichwa, ya kiputo, ya maelezo mafupi, ya karatasi ya mtoto. Hapo iache ifanye kazi yake.

Na ukiamua kuikwepa, tafadhali usikimbilie zile fonti za mwandiko za kupakua bure, za kalamu iliyoshikana na kupinda kama mzabibu, ambazo siku hizi zimejaa kwenye kadi za harusi. Nyingi ni mbaya kuliko Comic Sans na hakuna anayezicheka kwa sababu tu ni mpya. Kwanza soma leseni, nyingi zinaruhusu matumizi binafsi pekee, na duka la mteja wako si matumizi binafsi. Pili zijaribu kwa lugha zetu. Kiswahili hakina shida, lakini Gĩkũyũ, Kĩkamba na Kĩmĩĩrũ zina ĩ na ũ, na nyingi ya fonti hizo hazina herufi hizo. Kivinjari kikikosa ĩ kinaiazima kwenye fonti nyingine, na jina la bibi harusi linatoka na herufi mbili za mwandiko wa dhahabu, moja ya Arial, tatu za dhahabu. Nimeiona kadi ya namna hiyo ikiwa imeshachapwa mia tatu. Tatu, kila fonti unayoipakia ni makumi ya kilobaiti anazolipia mgeni wako kwa bando lake, wakati mwingine mia na zaidi, na yote hayo ili asome neno "Karibu".

Kwa wanaouliza nifanyeje kwenye wavuti: Comic Sans yenyewe haimo kwenye Android, kwa hivyo ukiandika jina lake peke yake simu nyingi za hapa kwetu hazitaionyesha. Ukimalizia kwa "cursive" ukidhani umejikinga, Chrome ya Android itakuletea Dancing Script, mwandiko wa kushikana, ambao kwa mtoto ni msitu. Mimi naweka Comic Neue, iliyochorwa na Craig Rozynski mwaka 2014 kama Comic Sans iliyonyolewa vizuri, nayo ni huru. Kwa lugha zenye ĩ na ũ na kwa karatasi za kusomea naweka Andika. Zote mbili nazipunguza zibaki na herufi ninazozihitaji tu, uzito unashuka sana. Rangi ni nyeusi, au karibu na nyeusi. Ukubwa hauendi chini ya pikseli 16.

Na kama una tovuti ya kijivu na bado unacheka, nitumie anwani yake pamoja na namba ya rangi ya maandishi yako. Nitakukokotolea uwiano, halafu utoke nayo nje saa saba mchana uniambie umesoma mstari wa ngapi.